Mwaka wa Maandalizi na Mlango wa Udaktari

Maneno ya hotuba iliyotayarishwa kwa wazazi na vijana wa Merigi, Kaunti ya Bomet



Mtoto wa nchi hii ya chai akiulizwa atafanya kazi gani akiwa mtu mzima, mara nyingi hujibu pasipo kusita: "Udaktari." Jibu hilo si la ajabu. Hospitali ya Tenwek haiko mbali, na Hospitali ya Longisa iko karibu. Tenwek huhesabu mwanzo wake tangu mwaka 1937, lakini ilipita miaka zaidi ya 20 kabla ya kupata daktari wa kukaa. Daktari huyo alikuwa Dr. Ernest Steury, Mmarekani, aliyefika mwaka 1959. Kabla yake wagonjwa walitunzwa na wauguzi. Basi wenyeji wa hapa wanajua, kuliko watu wengi, tofauti iliyopo kati ya mahali penye daktari na mahali pasipo daktari.

Neno la leo halihusu uzuri wa kazi hiyo, kwa maana uzuri wake hauhitaji shahidi. Lahusu njia ya kuifikia, na hasa njia moja ambayo siku hizi husifiwa sana, nayo ni mwaka wa maandalizi. Kijana aliyemaliza sekondari, ambaye alama zake hazikutosha kumwingiza moja kwa moja katika chuo cha udaktari, huambiwa alipe karo ya mwaka mmoja, asome tena biolojia, kemia na fizikia, kisha mlango utafunguka. Pengine hufunguka kweli. Pengine kijana hufika akaukuta umefungwa, na karo haipo tena. Hotuba hii yataka kuonyesha jinsi ya kutambua mambo hayo mawili kabla fedha hazijatoka mfukoni.

SI JAMBO JIPYA

Wako wadhanio kwamba mwaka wa maandalizi ni werevu wa siku hizi wa kuwatoa watu fedha. Sivyo. Madaktari wengi wa zamani wa Afrika ya Mashariki walipita njia ya namna hiyo. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922, na mafunzo ya utabibu yalianza mwaka 1924 kwa kushirikiana na Hospitali ya Mulago. Katika miaka ya 1950, kijana wa Kenya, Uganda au Tanganyika aliyefaulu mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari hakupelekwa moja kwa moja kitandani pa mgonjwa. Alisoma kwanza masomo ya maandalizi papo hapo Makerere kwa muda wa miaka 2: fizikia, kemia na elimu ya viumbe. Aliyefaulu humo ndiye aliyeingia shule ya udaktari. Asiyefaulu alishika kazi nyingine. Wala elimu hiyo haikuwa hafifu, kwani mwaka 1957 cheti cha udaktari cha Makerere kilikubaliwa na Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1960 kilifunguliwa huko Moscow chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kilichopewa baadaye jina la Patrice Lumumba. Mwanafunzi aliyefika huko alikaa kwanza katika kitivo cha maandalizi, akajifunza Kirusi na kutia nguvu masomo yake ya sayansi. Baada ya hapo ndipo alipoanza udaktari au uhandisi.

Na tuzitazame njia hizo mbili, ile ya Makerere na ile ya Moscow. Ziliachana kwa lugha, kwa siasa na hata kwa hali ya hewa, lakini kwa jambo moja zilifanana. Aliyefundisha maandalizi na aliyefungua mlango wa udaktari walikuwa nyumba moja. Kijana hakusoma kwa mtu mmoja kisha akaenda kubisha hodi kwa mtu mwingine asiyemjua. Hilo ndilo neno la kushika katika hotuba hii yote.

PENGO LILITOKA WAPI

Mzazi aweza kuuliza: Kama maandalizi yalikuwa mema, mbona vyuo vya udaktari vya Kenya haviyadai kwa kila mtu? Sababu yake ni mpango wa shule. Zamani kazi ya maandalizi ilihamishwa kutoka vyuoni ikapewa shule za sekondari, katika kidato cha 5 na cha 6. Chuo cha Nairobi kilipoanza kufundisha udaktari mwaka 1967, kiliwapata wanafunzi waliokwisha kupita vidato hivyo. Lakini mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliondoa kidato cha 5 na cha 6. Tangu hapo Mkenya hutoka kidato cha 4 akaingia chuo kikuu, na masomo ya msingi ya sayansi hupewa nafasi ndani ya miaka ya udaktari wenyewe.

Nchi nyingine hazikufuata mpango huo. Uganda ina miaka 6 ya sekondari hata sasa. Uingereza nayo ina masomo ya juu ya miaka 2 baada ya mtihani wa umri wa miaka 16. Kwa hiyo Mkenya mwenye cheti cha KCSE akibisha hodi huko, mara nyingi huhesabiwa kuwa amepungukiwa na hatua moja. Mwaka wa maandalizi umewekwa kujaza hatua hiyo. Kazi yake halisi ni hiyo, nayo ni kazi ya haki. Taabu huanza pale unapouzwa kana kwamba waweza kufanya kazi nyingine, yaani kuziba alama ambazo hazikutosha nyumbani.

MLINZI WA MLANGO

Katika Kenya, mtu hawi daktari kwa kupata shahada tu. Hana budi kuandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lijulikanalo kwa herufi KMPDC. Baraza hilo limeweka kiwango cha chini kwa atakaye kusoma udaktari: wastani wa B katika KCSE, na alama ya B katika biolojia, katika kemia, katika hisabati au fizikia, na katika Kiingereza au Kiswahili. Hicho ni kiwango cha chini tu. Nafasi ni chache na waombao ni wengi, hivyo wale wanaopangiwa udaktari na KUCCPS, chombo cha Serikali cha kuwagawa wanafunzi vyuoni, kwa kawaida huwa wamepita kiwango hicho kwa mbali.

Wala mtu asidhani kwamba kuvuka mpaka humwondoa katika hesabu hiyo. Mkenya aendaye kusoma udaktari nchi za nje hutakiwa awe amefikia kiwango cha kuusoma hapa nyumbani, na arudipo na shahada yake hana budi kufanya mtihani wa Baraza kabla ya kuingia mwaka wa mazoezi ya kazi hospitalini. Mwaka wa maandalizi waweza kumwongezea kijana elimu. Waweza kumpa cheti kizuri chenye muhuri. Lakini hauwezi kufuta herufi iliyoandikwa kwenye cheti chake cha KCSE.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja ya Merigi, si ya mtu fulani, bali kama zilivyo nyumba nyingi. Binti wa nyumba hiyo alipata wastani wa B-. Biolojia B, Kiingereza B, kemia C+, hisabati C+. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akaja wakala mwenye karatasi za kung'aa, akasema iko nchi ambako binti angesoma maandalizi mwaka 1 na udaktari miaka 6, na kwamba nafasi yake ilikuwa tayari. Alitaka sehemu ya karo ilipwe kabla ya mwezi kwisha.

Ulikuwa msimu wa bonasi ya chai. Baba mtu alikuwa na fedha hizo, na zizini alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Usiku ule alimwita binti yake.

"Binti yangu," akasema, "ng'ombe wanauzika. Hilo lisikutie hofu. Linalonisumbua ni kama njia hii inafika."

"Baba, swali hilo nimpelekee nani? Wakala amesema inafika."

"Usimwulize anayepokea karo. Mwulize yule atakayekupa ruhusa ya kutibu watu."

Binti akaandika barua mbili. Ya kwanza aliipeleka kwa chuo chenyewe, si kwa wakala, akauliza kama cheti cha maandalizi humpa mwanafunzi nafasi ya udaktari au humpa ruhusa ya kuiomba tu. Jibu likaja kwamba humpa ruhusa ya kuomba. Nafasi hutolewa kwa waliofaulu zaidi, na wengine huelekezwa kwenye masomo mengine ya sayansi. Barua ya pili aliipeleka kwa Baraza, akaeleza alama zake zote bila kuficha. Akajibiwa kwamba wastani wake, na alama zake za kemia na hisabati, ziko chini ya kiwango.

Haikuwa habari tamu. Lakini ng'ombe walilala zizini usiku ule, na binti alijua mahali aliposimama. Kama angalilipa kwanza na kuuliza baadaye, majibu yangalikuwa yale yale. Tofauti ni kwamba yangalimfikia baada ya miaka 7, akiwa na shahada mkononi asiyoweza kuitumia kwao.

UGANDA NA UINGEREZA

Vijana wengi wa upande huu hutazama Uganda, kwa kuwa ni karibu na karo yake mara nyingi ni nafuu. Huko kuna cheti cha mwaka 1 cha kuingilia elimu ya juu, kilichowekwa chini ya uangalizi wa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la nchi hiyo. Ni njia halali. Hata hivyo, anayeichukua inampasa ahakikishe kwamba chuo kinachofundisha kimeruhusiwa kufundisha cheti hicho, na kwamba shule ya udaktari anayoitamani hukipokea kwa udaktari, si kwa masomo mengine tu.

Kwa Uingereza kuna mambo mawili yachanganywayo na watu wengi. Baadhi ya vyuo vikuu vya huko vina masomo ya udaktari yenye mwaka wa maandalizi ndani yake, lakini nafasi hizo kwa kawaida zimewekwa kwa wenyeji wa nchi hiyo waliotoka katika shule au nyumba zenye shida. Mgeni hupewa masomo mengine, ya maandalizi ya wageni, ambayo hufundishwa na vyuo mbalimbali kwa karo kubwa. Akiisha kuyamaliza, bado ataomba udaktari kama wengine. Maombi ya udaktari hupitia UCAS, na siku ya mwisho ni tarehe 15 Oktoba ya mwaka utanguliao mwaka wa kuanza masomo. Mwombaji huruhusiwa kuchagua vyuo 4 tu vya udaktari. Hufanya mtihani wa UCAT wa kupima fikira zake, kisha huitwa kuhojiwa. Si kila shule ya udaktari ikubaliyo kila cheti cha maandalizi. Nyingine hutaja kwa jina vyeti inavyovikubali na kuvikataa vingine vyote. Tena, kijana ajuaye kwamba tarehe hiyo ya Oktoba humkuta akiwa ndiyo kwanza ameanza maandalizi, ataelewa kwa nini inampasa kuuliza habari hizi mwaka mzima kabla.

MASWALI MATANO

Basi kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi na kijana wakae pamoja na karatasi, waandike maswali haya, na wasiridhike na jibu la mdomo.

Swali la kwanza: Je, alama za KCSE za kijana huyu zimefikia kiwango cha Baraza? Kama hazikufika, hakuna haja ya kwenda kwenye swali la pili mpaka Baraza lenyewe limejibu kwa maandishi.

Swali la pili: Je, anayefundisha maandalizi ndiye mwenye shule ya udaktari? Kama siye, yako wapi mapatano yao yaliyoandikwa?

Swali la tatu: Je, anayefaulu hupata nafasi, au hupata ruhusa ya kuomba nafasi? Maneno hayo mawili hufanana masikioni, lakini kati yake kuna shimo.

Swali la nne: Je, shule hiyo ya udaktari inatambuliwa na Baraza la Kenya? Chuo chaweza kuwa halali katika nchi yake na bado kisiwe katika orodha ya nyumbani.

Swali la tano: Kijana akikosa nafasi ya udaktari baada ya mwaka huo, atabaki na nini mkononi? Kama cheti chake kitamwingiza katika elimu ya dawa, ya maabara au ya uuguzi, mwaka haukupotea. Kama hakimwingizi popote, mwaka huo ni mchezo wa bahati nasibu.

Mawakala waaminifu wapo, nao hawachukizwi na maswali haya. Akasirikaye kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

NJIA NYINGINE ZILIZO WAZI

Yule binti wa mfano wetu hakuachwa bila njia. Ya kwanza ni kurudia mtihani wa KCSE kama mtahiniwa wa binafsi. Ni njia ya unyenyekevu, kwa sababu humrudisha kijana kwenye vitabu ambavyo wenzake wameviaga. Lakini ndiyo inayogusa herufi zenyewe. Aliyekosa B kwa hatua moja au mbili katika kemia ana sababu ya kuijaribu. Aliyeikosa kwa mbali na apime nguvu zake kwa kweli. Tena asikawie, kwa kuwa mfumo wa 8-4-4 unaelekea mwisho, na darasa lake la mwisho linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027.

Ya pili ni utabibu. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, yaani KMTC, kilianza mwaka 1927, na siku hizi kina matawi mengi, pamoja na lile la Kericho. Diploma ya utabibu huombwa na mwenye wastani wa C pamoja na alama zinazotakiwa katika masomo yaliyotajwa. Husomwa miaka 3, na baada yake kuna mwaka 1 wa mazoezi ya kazi. Tabibu si daktari nusu. Katika zahanati nyingi za mashambani ndiye anayepima, anayeandika dawa, anayeshona jeraha na anayejua ni mgonjwa gani apelekwe Longisa usiku huo huo. Baadhi ya vyuo vikuu huwapokea matabibu waliofaulu vizuri wanaotaka kuendelea hata shahada, kila kimoja kwa masharti yake. Na hapo pia swali la kwanza lapaswa kupelekwa kwa Baraza.

Ya tatu ni shahada nyingine za afya, kama uuguzi, elimu ya dawa na maabara. Hospitali haisimami kwa daktari peke yake. Watu wa Tenwek walilijua hilo tangu mwanzo, maana wauguzi ndio walioishika nyumba hiyo miaka yote kabla daktari hajafika.

KWA WALIO BADO SHULENI

Wazazi wenye watoto wadogo wasidhani kwamba habari hizi haziwahusu. Katika mpango mpya wa elimu, mtoto huchagua mkondo wake aingiapo gredi ya 10, na darasa la kwanza la gredi hiyo lilianza Januari 2026. Atakaye kuwa daktari hana budi kuufuata mkondo wa sayansi, akazichukua biolojia na kemia. Mtoto akiuacha mkondo huo akiwa na miaka 15 kwa sababu rafiki zake wameuacha, hakuna mwaka wa maandalizi uliowekwa kwa ajili ya kurudisha uamuzi huo kwa urahisi. Basi baba na mama waulize mapema kama shule iliyo karibu ina maabara, na kama ina mwalimu wa kemia. Msingi wa udaktari hujengwa hapo, nao gharama yake ni ndogo kuliko ng'ombe wawili.

Katika lugha ya Kipsigis dawa huitwa kerichek, na wako wasemao kwamba jina la Kericho limetoka katika neno hilo. Iwe ni kweli au ni hadithi, nchi hii imewaheshimu waganga tangu zamani. Na mganga wa zamani hakujifunza mizizi kwa mtu asiyeijua, wala hakupewa mkoba kabla ya wakubwa wake kuridhika naye. Mambo ni yale yale leo. Ajifunzaye amjue mwenye mkoba ni nani, amwendee yeye kwanza, amwulize. Bonasi itakayokuja mwaka huu itangoja majuma mawili mpaka barua zijibiwe. Kuuliza si ujinga.